Waliokaa mahandakini Vita vya Kagera, tupeane uzoefu

Mtoto wa Koplo
Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni. Kila ikizungumzwa Vita vya Kagera tunasikia daraja la Kyaka, hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, halafu moja kwa moja Kampala, Aprili 11, 1979. Hapo katikati watu waliishi ardhini miezi kadhaa. Baba yangu alikuwa huko. Mpaka leo mvua ikinyesha usiku hapandi kitandani, anakaa kwenye kiti mpaka ikatike. Mliokuwepo, au mliosimuliwa na wazee wenu, siku ilikwendaje handakini? Mlikula nini, mlilalaje?

Mgambo wa Kahama
Umenikumbusha mbali mwanangu. Mimi nilitolewa shambani nikiwa mgambo, nikadhani kazi ni kupiga risasi. Kazi ilikuwa kuchimba. Mkifika mahali, hata mmechoka vipi, sepetu kwanza. Wawili wawili, shimo la kufika kifuani, udongo unarundikwa mbele. Ukishamaliza na kulisawazisha vizuri, amri inakuja: songa mbele. Unaliacha unaenda kuanza lingine. Mvua ikinyesha mnachota maji kwa kofia ya chuma usiku kucha, mmoja anachota, mwingine anasinzia amesimama. Buti halivuliwi. Mwenzangu alipokuja kuvua lake, ngozi ya kisigino ilitoka pamoja na soksi. Hakulia, aliitazama tu, akaomba chumvi.

Nshomile wa Kamachumu
Kweli kabisa mzee. Na mbu wa kule hujawataja.

Mama Kirumba
Hata sisi raia tulichimba. Mwanza kila nyumba mtaani kwetu ilikuwa na handaki uani, taa zinazimwa, mtoto akilia anazibwa na kanga. Machi 1979 ndege ya Walibya, waliokuwa wanamsaidia Idi Amin, ilikuja kweli, makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama.

Mzinga
Mama, kwa heshima zote, mwenye mada ameuliza habari za askari. Kujificha uani na kurudi kula ugali wa moto ni kitu kingine.

Mama Kirumba
Huo ugali ulitoka wapi, wakati unga na malori vyote vimekwenda mbele kwenu? Nani alibaki na watoto?

Mgambo wa Kahama
Mzinga muache mama. Tulikula maharage yao.

Mzee wa 201
Sijawahi kuandika haya. Nilikuwa Brigedi ya 201, na wengi wetu vita tulikuwa hatuvijui. Machi 10 tulikuwa Lukaya, ndani ya Uganda, kwenye barabara ya kwenda Kampala. Mahandaki tulikuwa ndiyo tunayaanza, langu lilifika magotini. Walibya wakafungulia makombora yale yanayotoka kwa mkupuo. Mengi yalipita juu ya vichwa vyetu, lakini mlio ule ukiusikia mara ya kwanza akili inahama. Tukakimbilia kwenye mafunjo.

Maji yalinifika kifuani. Karibu yangu kulikuwa na kijana kapigwa pajani, nikamfunga kwa mkanda wa bunduki. Barabarani juu yetu tunasikia vifaru na watu wanaongea Kiarabu. Kijana alianza kutetemeka, kila akilegea kichwa kinazama. Nikampitisha mikono kwapani nikasimama naye hivyo usiku mzima, mgongo wangu kwenye mzizi wa mafunjo. Alikuwa ananisimulia ng'ombe wa baba yake kwa majina, mmoja mmoja, akifika mwisho anaanza upya. Alfajiri ya tarehe 11 ndipo wenzetu wa Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, waliozunguka usiku, wakawapiga Walibya kutokea upande wa Kampala. Kijana akapakiwa kwenye gari la majeruhi, mimi nikarudishwa mstarini. Jina lake sikuuliza. Nilikuwa namwita Singida.

Nshomile wa Kamachumu
Mzee wangu, nimesoma hii nimesimama. Mungu akuweke.

Mzinga
Mimi nilikuwa mizinga, nyuma yenu. Nawapa pole 201, watu waliwasema sana baada ya siku ile bila kujua mlikuta nini.

Nesi Mstaafu
Mtoto wa Koplo, mpeleke mzee hospitali aongee na daktari wa akili, si aibu.

Mgambo wa Kahama
Hospitali ya nini? Muwekee dari. Mvua juu ya bati tupu inafanana na vitu vingine. Mimi niliweka dari nikalala.

Mama Kirumba
Dari na hospitali vyote. Ila asilazimishwe kusimulia.

Mtoto wa Koplo
Nyumba yake kweli haina dari. Nitaanza na hilo mwezi huu. Asanteni sana wazee wangu.

Mnyaturu
Mzee wa 201, samahani, kuna kitu. Mjomba wangu alijeruhiwa Uganda, ana kovu pajani, na alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa babu. Ilikuwa paja gani?

Mzee wa 201
La kushoto. Risasi au kipande, kilitokea nyuma. Muulize kama kulikuwa na ng'ombe dume kilema wa pembe.

Mzinga
Jamani vijana wa Singida walikuwa wengi mno jeshini, msimpe mzee matumaini bure.

Mnyaturu
Mjomba hana simu inayopokea ujumbe. Jumapili naenda kijijini, nitamuuliza mwenyewe nikiwa nimekaa naye. Mzee, nitumie namba yako pembeni.

Mzee wa 201
Nimeshaituma.