Mjadala: Mtu wa Bara ahamie Paje, au aende likizo na kurudi?

Mtoa mada: Kaka ana kazi ya kompyuta, mke na watoto wawili. Anataka kuhama Dar akaishi Paje, kusini mashariki mwa Unguja: apange mwaka mmoja, kisha ajenge. Mnaounga mkono na mnaopinga, karibuni. Habari ya "bahari nzuri" tunaijua, tuiache.

Fundi Mwamba: Kupanga sawa. Kujenga, hapo tusimame kidogo. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali, na Sheria Namba 12 ya 1992 haki ya kuitumia inampa Mzanzibari. Wa Bara huuziwa kiwanja kwa karatasi yenye muhuri wa sheha, yaani kiongozi wa mtaa, akaondoka anachekelea. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba katoa pesa, basi. Uhamishaji wa ardhi una Bodi yake tangu sheria ya 1994. Na viwanja vingi vya pwani ni vya ukoo: kaka mkubwa anauza, msingi ukishapanda dada zake wanakuja kudai mirathi. Uliza na minazi ni ya nani, maana mti unaweza kuwa na mwenyewe mbali na aliyekuuzia.

Bara Pwani: Mnatisha watu bure. Zipo fleti za miradi iliyoidhinishwa na ZIPA, mamlaka ya uwekezaji Zanzibar, hata raia wa nje ananunua kwa hati ya ukodishaji. Angalia Fumba, kusini magharibi mwa Unguja.

Fundi Mwamba: Fumba si Paje, sheikh. Swali ni Paje.

Mkusini: Kabla ya kiwanja, tuanze na pango. Kosa la wageni ni kuja mwezi wa nne. Masika imeshika, hoteli kadhaa zimefunga, mwenye nyumba anakubali bei yoyote. Desemba anakuambia upishe watalii. Andikisheni miezi 12 kamili, Desemba na Januari zitajwe kwa majina, bei isibadilike. Mkataba usainiwe mbele ya sheha, ambaye mgeni unapaswa kujitambulisha kwake hata hivyo.

Halafu maji. Visima karibu na ufuo vina chumvi, na wageni wakijaa pampu zinavuta zaidi, chumvi inapanda. Watu wanne kwa lita 60 kila mmoja ni lita 240 kwa siku. Tangi la lita 3,000 linakwisha siku ya kumi na tatu. Kabla ya kulipa, fungua bomba la jikoni, onja, kisha tazama kichwa cha bafu: kikiwa na ukoko mweupe, jibu umepata.

Fundi Mwamba: Na atakayejenga asikubali mchanga wa ufukweni hata akipewa bure. Chumvi inakula nondo kutoka ndani, zege linapasuka, plasta inachanua unga mweupe. Nondo zifunikwe na zege milimita 50. Shimo la choo nalo ni kazi: chini ni mwamba wa matumbawe wenye nyufa, uchafu unapita kwenda kisimani kwa jirani.

Mama Mwani: Mnahesabu ya mgeni tu. Vyumba vilivyokuwa vya walimu wa skuli sasa vinapangishwa kwa usiku. Mwani unalimwa hapa Paje tangu 1989, kazi ya wanawake: maji yakitoka wakati wa bamvu, yaani maji makubwa yanapokupwa mbali, tunashuka na vigingi na kamba. Watalii wa kite, wanaovutwa na tiara wakiwa juu ya ubao, wanapita juu ya mistari ileile, ubao unakata kamba, mavuno yanakwenda na mkondo. Nani analipa?

Bara Pwani: Mama, hiyo ni ya wenye hoteli na skuli za kite. Familia moja ya kupanga ina kosa gani?

Mama Mwani: Hana kosa akipanga ndani ya kijiji, mwaka mzima, watoto wakasoma hapahapa. Anayefunga nyumba miezi minane na kuiweka mtandaoni, huyo mimi simpokei.

Mkusini: Hapo niko na mama. Ila kaka ajue pia hospitali kubwa, Mnazi Mmoja, iko mjini, karibu saa nzima kwa gari. Kama mtoto ana pumu, apange Fuoni au Mbweni, karibu na mjini, Paje aje Jumapili.