Tupeane uzoefu: umewahi kukutana uso kwa uso na mchezaji unayempenda?

Mwananchi wa Buguruni
Wakuu, habari zenu. Msimu ukikaribia klabu zinazindua jezi, na wachezaji wanakaa mezani kusaini. Naomba tupeane uzoefu: ulikutana na nani, ulimwambia nini, na saini umeitunzaje? Mtaje hata kwa nafasi anayocheza, na anapoishi mtu tusipaweke hapa.

Naanza mimi. Niliyemtaka ni beki wa kikosi cha Yanga kilichofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Tulifungwa 2-1 na USM Alger ya Algeria hapa uwanja wa Mkapa, tukawafuata Algiers tukashinda 1-0, jumla ikawa 2-2, kombe likabaki kwao kwa sababu walifunga mabao mengi zaidi ugenini. Tangu usiku ule nilikuwa na neno lake moyoni. Siku ya jezi, foleni Kariakoo ilitoka mlangoni mwa duka ikakata kona, jua la saa saba, mlinzi anahimiza tu: "Ukishasainiwa songa, ukishasainiwa songa!" Kila mtu kanyoosha simu. Yangu niliiacha mfukoni. Nilipofika nikamwambia, "Kaka, nimekuja kukushukuru kwa Algiers." Alikuwa kainama anaandika. Akaweka kalamu chini, akaniangalia, akanipa mkono, akaniuliza naitwa nani. Jina langu akaliandika juu ya saini yake, taratibu, herufi moja moja, na yule mlinzi akatuacha. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kabla hujafika mezani, jua unataka kumwambia nini.

Mama wa Tandika
Mimi Mnyama damu, yaani shabiki wa Simba, lakini hii ni ya binti yangu. Anacheza winga mchangani pamoja na wavulana, na mtu wake ni mchezaji mmoja wa Simba Queens, kikosi kile kilichoshika nafasi ya nne Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake kule Morocco mwaka 2022. Tulimsubiri atoke mazoezini. Mwanangu alikuwa na njumu zake za mtumba mkononi, maana alitaka hizo ndizo zisainiwe, jezi hapana. Dada wa watu akachuchumaa pale pale vumbini. Akazipindua njumu, akatazama soli, akapitisha kidole kwenye meno ya soli, akasema, "Hiki cha kulia kimelika sana. Wewe unapigia kushoto, si ndiyo?" Mtoto akabaki mdomo wazi, kwa sababu ni kweli, mguu wake wa kulia ndio wa kusimamia. Akasaini kwenye ulimi wa kiatu, upande wa ndani, ili mpira usije ukaifuta. Kisha akamwonyesha namna ya kufunga kamba fundo likae pembeni, lisiharibu pasi.

Baba yake alikuwa na msimamo kwamba mpira si wa mtoto wa kike. Baada ya siku ile yeye mwenyewe ndiye aliyeenda kumnunulia soksi. Wazazi wenye mabinti, wapelekeni. Hawa dada zetu hawajajaziwa watu, wanakupa muda na wanazungumza na mtoto kama mchezaji mwenzao.

Fundi AC Ubungo
Mimi Julai 2017, Everton ya Uingereza na Gor Mahia ya Kenya, uwanja wa Mkapa bado tunauita Taifa. Rooney wa Everton alifunga la mbali, na shabiki mmoja akaingia uwanjani kumkumbatia. Namwelewa kabisa yule jamaa, ila vijana msiige. Mimi nilisimama njia linapopita basi lao, mmoja akanipungia mkono, na nilifurahi hadi nyumbani.

Mzee wa Ilala
Wanangu, mwaka 1993 Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan. Kwao tulitoka 0-0, hapa tukafungwa 2-0, uwanja huu mnaouita Uhuru. Tiketi yangu ipo mpaka leo. Miaka mingi baadaye nikamkuta mmoja wa wale vijana kwenye kijiwe cha kahawa, kichwa kimejaa mvi. Tukasalimiana, nikarudi nyumbani kuifuata tiketi. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma mbele na nyuma, akakaa kimya kidogo, akaniambia kwamba mechi ile bado inamuuma. Akasaini nyuma. Kahawa nikalipa mimi. Hawa wapo mitaani mwetu na hakuna anayewapangia meza wala foleni. Ukimtambua, mpe shikamoo yake na umwambie ulikuwepo.

Baba Upanga
Kwetu ni besiboli. Kijana wangu anacheza pale shule ya Azania, kwenye uwanja uliozinduliwa mwaka 2018 kwa msaada wa Wajapani. Mpira wake ni wa ngozi nyeupe na mishono 108 myekundu. Kuna sehemu mishono inakaribiana kabisa, na hapo ndipo anaposaini mchezaji unayemheshimu kuliko wote, peke yake. Tena usimpe makapeni: wino wake unasambaa kwenye ngozi na saini inavimba. Mpe kalamu ya kawaida ya kuandikia daftari.

Mama wa Tandika
Na kwenye jezi je? Mdogo wangu alipeleka yake kwa dobi, ikarudi safi, saini hakuna.

Mchapa Jezi Kariakoo
Pole kwa mdogo wako, hilo linauma. Jezi ndiyo inataka makapeni, ile isiyofutika. Weka kipande cha boksi ndani na ukivute kitambaa kikaze, wino usipite mgongoni. Mchezaji akwepe ile namba ya plastiki, maana wino unakaa juu tu na ukisuguliwa unatoka. Asaini kwenye kitambaa, karibu na nembo. Ukifika nyumbani usiifue tena, wala usiitundike dirishani, jua letu linaumaliza wino. Na boksi nenda nalo mwenyewe, pale mezani hawana.