Jambalaya ya kamba: wali bokoboko, nifanyeje?

Assalaam aleikum, na habari za jioni ndugu zangu.

Nina mwezi wa tatu sasa hapa Baton Rouge, Louisiana. Jirani yangu, bibi mmoja mzaliwa wa New Orleans, aliniletea jambalaya ya kamba, ule wali wao unaopikwa sufuria moja na soseji na viungo, nikalamba sahani. Jumapili nikajaribu mwenyewe: wali ukawa bokoboko, kamba ukiwatafuna ni kandambili. Halafu ile soseji yao, andouille, ni ya nguruwe. Aliyefanikiwa anielekeze tafadhali, Jumamosi nina wageni sita.

Mdogo wenu, Baton Rouge

*

Waaleikum salaam mwanangu, pole sana.

Nadhani umepima maji kama ya pilau ukasahau kwamba nyanya nazo zina maji. Kwa vikombe 2 vya mchele mimi hutia kopo moja dogo la nyanya zilizokatwa, na supu vikombe 2 na nusu basi. Mchele uoshe, uchuje, usiuroweke. Acha basmati, chukua huu mrefu wa kawaida, unalimwa hukohuko Louisiana, upande wa Crowley, na unastahimili nyanya bila kukatika.

Supu ndiyo roho ya chakula hiki. Nunua kamba wenye vichwa. Vichwa na maganda vikaange na mafuta kidogo mpaka viwe vyekundu na jikoni kunukie pwani, tia maji, chemsha dakika 20, chuja. Ukitumia maji ya bomba matupu, umepika wali wa nyanya tu.

Soseji tafuta ya ng'ombe au ya bata mzinga, iliyokaushwa kwa moshi. Lakini mwanangu, soma karatasi mpaka mwisho! Nyama inaweza kuwa ya bata mzinga na ngozi ya nje ikawa utumbo wa nguruwe. Mimi niligundua nikiwa nimeshaikata vipande. Ukiona alama ya halali huna haja ya kubahatisha.

Ikaange kwanza, itoe. Kwenye mafuta yaleyale tia kitunguu, pilipili hoho la kijani na selari; wenyewe huviita Utatu Mtakatifu. Vilainike tu. Tumezoea kukaanga kitunguu cha pilau mpaka kikawa hudhurungi, ila hii ya New Orleans ni nyekundu, ya Kikrioli, na rangi yake hutoka kwenye nyanya. Ile ya hudhurungi isiyo na nyanya ni ya Kikejuni, yaani ya watu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa, utaikuta Gonzales, hapo karibu nawe. Kisha kitunguu saumu, paprika, pilipili kali ya unga. Bizari ya pilau iache kabatini. Na vile viungo vya kopo vilivyochanganywa tayari, vingi vimejaa chumvi, kwa hiyo onja kabla hujaongeza yako.

Rudisha soseji, mimina mchele uugeuze, tia nyanya na supu, vikichemka funika. Kwetu tungepalia makaa juu ya mfuniko. Hapa tia sufuria kwenye oveni, nyuzi 350 za Fahrenheit, dakika 25. Usichungulie wala usikoroge.

Kamba ni wa mwisho kabisa. Zile namba 21/25 kwenye pakiti maana yake ratili moja ina kamba 21 hadi 25, hao wanatosha. Watie wali ukishakauka, wafukie taratibu kwa uma, funika, rudisha dakika 7. Wakigeuka waridi na kujikunja kama mundu wameiva. Ulipowachemsha pamoja na mchele uliwaua mara ya pili.

Shangazi yenu, Houston

*

Shikamoo Shangazi. Sisi wa Minneapolis tulio mbali na bahari, kamba wenye vichwa tunawapata kwenye maduka ya Wavietnamu, wamegandishwa. Kwenye duka kubwa hata wale wa juu ya barafu wengi waligandishwa zamani wakayeyushwa. Afadhali pakiti iliyoganda, uyeyushe mwenyewe. Na mdogo wetu, waulize wageni mapema nani anadhurika na kamba au kaa. Nyumbani kwangu mgeni alivimba midomo mezani tukaita ambulensi.

*

Marahaba mwanangu, hilo la kuuliza ni kweli kabisa. Na wewe wa Baton Rouge, pika nusu kipimo Alhamisi, uzoee oveni yako. Bakuli la kwanza mpelekee yule bibi, umuulize pilipili imefika.

Shangazi