Projesteroni siku ya 21 imetoka chini, na mzunguko wangu ni siku 35

shiru_kayole: Wadau nisaidieni. Nimepimwa projesteroni (homoni inayopanda yai likishatoka) siku ya 21 ya mzunguko kwa maabara fulani hapa tao, ikatoka chini, nikaambiwa eti yai halijatoka. Lakini mimi mzunguko wangu ni siku 35 kila mwezi bila kukosa. Nimelia kwa matatu mpaka stage, kondakta hata akasahau kunidai nauli.

nesi_wa_zamani: Pole dadangu. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28! Ubongo unatuma homoni ya FSH inakuza vifuko vya mayai, kimoja kinawashinda wenzake, kikitoa homoni ya estrojeni ya kutosha, homoni nyingine ya ubongo, LH, inapanda ghafla, na kama saa 36 hivi baadaye yai linatoka, halafu kile kifuko kilichobaki tupu ndicho kinatengeneza projesteroni kwa kama wiki mbili. Sasa wewe siku ya 21 yai ndio pengine linatoka, projesteroni itoke wapi? Rudia siku ya 28.

baba_pacha: Na wasikutishe na kipimo cha damu cha AMH. Hiyo inakadiria mayai yaliyobaki, haisemi kama ni mazuri. Ya wife ilikuwa chini, saa hii hao wawili wananimwagia uji kwa laptop.

achi_254: Na sisi wa PCOS, ile shida ya ovari kujaa vifuko vidogo vidogo?

nesi_wa_zamani: Wengi wenu insulini iko juu, inachochea ovari kutoa homoni za kiume, vifuko vinakwama vikiwa vidogo. Uliza daktari kuhusu metformini, ile dawa ya kisukari.

shiru_kayole: Asanteni, Jumanne ijayo narudi, lakini si kwa ile maabara.