Jamaa wa Kibokoni: Harusi ya Rukia

Halati Zuhura: Assalaam alaykum. Sare zakatwa Ijumaa. Wanawake dira, wanaume kanzu. Pesa za wengi sijaziona. Amani hajanipa vipimo.

Halati Zuhura: Jamani?

Mwanaisha: Waalaykum salaam halati. Amani alishasema, si dira wala kanzu. Ashonewe shati refu na suruali, kitambaa kilekile.

Ami Athmani: Mume ni mume, mke ni mke. Haya ya katikati ni ya Wazungu, mwayatoa kwenye simu.

Mwanaisha: Ami, mahijra wa India wako tangu zama za kale. Mahakama ya Juu ya kule ikawatambua 2014, jinsia ya tatu. Samoa nako kuna fa'afafine, na wana jamaa zao kama sisi.

Bakari: Mie najua jinsia mbili: wala biriani na wagombea ukoko 😂

Halati Zuhura: Bakari, pesa yako iko wapi?

Khadija: Kwani Amani ni huntha? Sensa ya Kenya ya 2019 si iliwahesabu, 1,524?

Mwanaisha: La. Huntha ni maumbile ya mwili ya kuzaliwa, si ya kiume tu wala ya kike tu. Amani ni vile anavyojijua nafsini mwake, si mume si mke. Wenziwe wengine huegemea upande mmoja, wengine hubadilika, wengine hawako upande wowote.

Halati Zuhura: Nimemlea mimi mamake alipokuwa Jeddah. Ndivyo alivyo tangu mdogo. Harusi hii hakosi.

Ami Athmani: Ulimlegezea. Kama Mishi.

Halati Zuhura: Athmani, ya Mishi usiyaanze. Nani alimfungia mlango?

Bibi: 🎤 0:52

Mwanaisha: Bibi asema hivi: "Athmani mwanangu, chuoni tulisomeshwa mirathi, na huntha ana mlango wake. Maulamaa walimtafutia fungu, hawakumfukuza. Ya Amani ni mengine, sijayaelewa yote. Lakini Mishi nilimzika bila kupatana naye. Sitaki tena. Amani ataketi nami."

Ami Athmani: Nimesikia, mama.

Bakari: Nimetuma halati.

Halati Zuhura: Sasa Bibi yuko ukumbi wa wanawake. Amani?

Amani: Ndio nasoma. Shukran Bibi. Vipimo nampelekea fundi mwenyewe. Lakini ukumbi wa wanawake nao si wangu, halati.

Halati Zuhura: Niko feri, mtandao wakatika. Nikivuka nakupigia. Khadija, pesa.