Mkono wa gia ameuharibu yeye, halafu ananiambia mkono wangu ndio mbovu

Mwana Ngamiani (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa bado sijapoa, kwa maana hazijatimia saa mbili tangu nitoke kwenye ile gereji ya chini ya mwembe ambayo kila mwenye gari la gia hapa Tanga anaijua, na mwenyewe pia mnamjua, hivyo sina haja ya kumtaja. Leo, mbele ya vijana wake wanne, mbele ya mama anayeuza mihogo na mbele ya dereva wa bajaji aliyekuja kujaza upepo tu, mtu huyo amenitazama usoni akaniambia: "Gari ni zima, mkono wako ndio mbovu."

Mkono wangu! Mkono huu ulijifunza gia kwenye pikapu ya marehemu baba, tukibeba machungwa kutoka Muheza, na pikapu ile ilikuwa na klachi nzito kama mlango wa boma.

Gari ni Mazda Roadster ya mwaka 1999, ile ambayo nje ya Japani huitwa MX-5, yenye injini ya 1.6 na gia 5. Nilichotaka ni kubadilishiwa mkono wa gia, niwekewe ule unaopunguza safari ya kiganja kutoka gia moja hadi nyingine. Niliuagiza mwenyewe, nikausubiri miezi miwili, nikampelekea ndani ya boksi lake pamoja na bushi mpya na mpira mpya wa kuzuia joto na vumbi. Akaniambia kwamba kazi hiyo haifanyiki bila kushusha giaboksi, na fedha ya kushusha giaboksi akaichukua taslimu.

Ndugu zangu, kwenye gari hili mkono wa gia hutolewa kwa juu, fundi akiwa amekaa kitini. Unafungua kirungu cha juu kinachoshikwa na kiganja, unaondoa plastiki za katikati ya viti, unafungua mpira wa juu, kisha unafungua bolti tatu, na mkono mzima unatoka kama mwiko kwenye sufuria. Pale chini kuna kisima kidogo chenye oili yake peke yake, mililita 80 au 90, ambazo hazijazi hata vikombe viwili vya kahawa ya kijiweni. Giaboksi ishushwe iende wapi?

Nilipotoka pale sikufika hata Chumbageni. Mkono ulikuwa unagonga kama sufuria za harusi nzima zimemwagwa kwenye ngazi, gia ya pili ilikataa kuingia, na joto la chini likapanda na harufu ya oili mpaka nikadhani ninaendesha jiko la mkaa. Nikarudi kwa adabu, nikamwamkia, nikamweleza. Hakuinuka hata kwenye kibao chake. "Mkono wako ndio mbovu." Kisha akaongeza kwamba ninunue otomatiki.

Nimefika nyumbani nimefungua mwenyewe. Kisima kikavu, hakina hata tone. Mpira wa zamani uliochanika umerudishwa vilevile, na ule mpya sijui uko wapi. Na bushi yangu mpya, ile ya plastiki nyeupe ambayo hukaa kwenye ncha ya chini ya mkono ili chuma kisicheze ndani ya chuma, nimeikuta kwenye kishikio cha kikombe, imefungwa vizuri ndani ya kipande cha gazeti. Ameifunga! Kwa hiyo aliiona, akajua kwamba ni kifaa, akaihifadhi, kisha akaniambia mbele ya watu kwamba mkono wangu ndio mbovu.

Dereva wa Pongwe

Pole sana, kaka. Huyo bwana ninamfahamu vizuri, na hilo neno la otomatiki si wewe wa kwanza kuambiwa. Mimi niliambiwa mbele ya mke wangu.

Binti Raskazone

Nimesikitika, lakini pia nimecheka kwa sauti. Gari hilo lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989, lilikuwa tayari linasifiwa kwa mkono wa gia mfupi ambao unaweza kuuchezesha kwa kifundo cha mkono tu. Watu duniani kote wanalipenda kwa sababu hiyohiyo, na wewe ukasubiri miezi miwili ili upunguze kilichokwisha kupunguzwa. Hapa mjini, kutoka tuta moja hadi jingine, hata gia ya tatu huipati, huo ufupi ulitaka kuupeleka wapi?

Mwana Ngamiani (mwanzisha uzi)

Dada yangu, kwa heshima zote, ufupi wa mkono ni haki yangu, na fedha ni yangu. Jioni, barabara ya Horohoro ikiwa nyeupe, ukitoka gia ya pili kwenda ya tatu na mkono ukaingia kwa mlio mmoja mdogo, hiyo ni raha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyeitaka. Lakini sikuja kujadili ufupi. Nimekuja kwa sababu ya neno alilonitamkia. Mama wa mihogo alisimamisha kisu, akautazama mkono wangu kana kwamba una upele.

Fundi Mstaafu

Vijana, kabla hamjaendelea kutukanana, eleweni kifaa chenyewe. Mkono wa gia ni wenzo. Una tufe la kuegemea katikati, sehemu ndefu ya juu inayoshikwa na dereva, na sehemu fupi ya chini inayosukuma fimbo za ndani ya giaboksi. Ule mkono wa kisasa huinua tufe au hurefusha sehemu ya chini, ili kiganja kikisogea kidogo, ncha ya chini isogee vilevile kama zamani. Gharama yake ni uzito, kwa kuwa safari unayoipunguza lazima uilipe kwa nguvu. Kwa hiyo ikiwa sinkronaiza zako, yaani vile vipete vya ndani vinavyolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia, zimekwisha, mkono mfupi hauziponyi, bali utazihisi zaidi. Gia ya pili kwenye magari hayo ina tabia ya ugumu asubuhi kabla oili haijapata moto. Sisemi kwamba fundi alikuwa sahihi. Bila bushi na bila oili, hata mimi ningeshindwa kuingiza gia hiyo.

Mzee wa Altezza

Wewe umeagiza kifaa halisi na bushi yako umerudishiwa ndani ya gazeti, bado unalalamika? Mimi nina Altezza RS200, gia 6, na bwana huyohuyo aliniambia mkono mfupi hauhitaji kununuliwa, akachukua msumeno wa chuma, akakata kipande kutoka katikati ya mkono wangu wa asili, akaunga kwa kuchomelea. Nimeharibikiwa hadi leo. Kiungo kimekaa kando kidogo, kirungu kinaelekea kwa abiria, na kila nikitafuta gia ya kwanza ninagusa goti la mtu. Nilipolalamika alisema nitazoea.

Dereva wa Pongwe

Na kukata kwa juu hakubadilishi pembe yoyote chini. Mkono unakuwa mfupi na mzito, basi. Alikufanyia hasara mara mbili.

Mwana Ngamiani (mwanzisha uzi)

Mzee wangu, pole, lakini wewe hukuambiwa kwamba mkono wako ndio mbovu.

Mzee wa Altezza

Mwanangu, mimi nilichomewa mkono wenyewe.

Kijana wa Mombo

Nyinyi wa mjini mnalia kwa mambo ya barabara tambarare. Mimi nina Subaru Impreza ya gia 5, na mwezi uliopita nilikuwa ninateremka kutoka Lushoto, nimeshafika chini ya Soni, nikiwa kwenye gia ya pili ili injini inisaidie breki, mara gia ikachomoka yenyewe ikarudi nyutro kwenye kona, ukuta wa mlima huku na bonde kule. Niliirudisha, ikachomoka tena. Nilifika Mombo nikiwa nimeshika mkono wa gia kwa mkono mmoja kama mtu aliyemkamata mwizi, na usukani kwa mwingine. Fundi aliyenifanyia kazi alikuwa amebadilisha bushi za fimbo zote isipokuwa moja, kwa maelezo kwamba hiyo moja ilikuwa bado nzuri.

Binti Raskazone

Hilo sasa ndilo lalamiko la kweli. Ulibadilisha oili pia?

Kijana wa Mombo

Nilibadilisha, na huko ndiko nilikoumia zaidi. Nilitaka oili ya gia yenye uzito wa 75W-90, ya daraja la GL-4. Muuzaji mmoja jirani na stendi akanimiminia kitu kutoka kwenye dumu lisilo na lebo, ndani ya chupa ya maji ya kunywa, akaapa kwamba ndiyo yenyewe.

Fundi Mstaafu

Hilo ni kosa kubwa. Baadhi ya oili za daraja la GL-5 zina dawa za salfa zinazoweza kuila shaba, na sinkronaiza nyingi ni za shaba. Oili ya gia inunuliwe ikiwa imefungwa.

Mwana Ngamiani (mwanzisha uzi)

Ninaomba turudi kwenye mada. Alinitazama usoni, mbele ya watu sita, akasema...

Dereva wa Pongwe

Samahani, mwanzisha uzi, subiri kidogo. Kijana wa Mombo, muuzaji huyo si yule mwenye kofia ya kijani? Mimi aliniuzia oili ya usukani kwenye chupa ya juisi, na ilikuwa bado ina harufu ya ukwaju.

Kijana wa Mombo

Ndiye! Na kwenye yangu kulikuwa na mbegu.