Tuliowahi kuvaa jino la bandia la muda, tena la mbele, tupeane uzoefu

Pengo_Jipya
Wakuu habari za jioni. Leo siku ya nne nina jino la bandia na uvumilivu umeniisha, naombeni wenye uzoefu.

Kisa chenyewe hakina hata sifa. Tulikuwa kwenye kikao cha harusi, kifungulio cha soda kiko meza ya wazee, nikaona uvivu kuinuka. Nikafungua kwa meno kama nilivyozoea tangu sekondari. Safari hii kizibo kikabaki kwenye chupa, jino ndilo likatoka. Daktari alishaliua mshipa miaka ya nyuma, kwa hiyo lilikuwa kavu, likakatikia kwenye fizi.

Daktari kang'oa mzizi, kachukua vipimo kwa ule unga wa waridi unaoganda mdomoni kama ugali, na baada ya siku chache kanipa hiki kidude: kibamba cha plastiki kinachofunika kaakaa, vibano viwili vya waya, na jino moja pale mbele. Anasema nikae nacho miezi mitatu hadi sita, fizi zikishanywea ndipo tuongelee la kudumu.

Mdomo umejaa kama nimebeba kile kizibo. Mate hayakauki. Chai naisikia joto likishafika kooni. Ila yote hayo nayavumilia, shida ni herufi S. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja, kutwa nasema "samahani, asante kwa kusubiri", na kila S inatoka na mluzi. Jana mteja kaniuliza kama niko stendi.

Mzee_wa_Mbagala
Pole mkuu. Wiki mbili tu, ulimi wenyewe utajua pa kwenda.

Chaki_Nyeupe
Umenikumbusha mbali. Mimi nafundisha darasa la kwanza. Langu lilitoka na bodaboda, wakati ule tumemaliza irabu tunaingia silabi. Nikapewa la kuvaa, nikajipa moyo, nikarudi kazini siku ya tatu.

Ubaoni nimeandika sa se si so su. Nasoma, kila moja inatoka na kamluzi nyuma. Watoto sitini na kitu wakaitikia vilevile, na mluzi wao wameuweka palepale. Nikadhani wananicheka. Nikatazama nyuso, hakuna anayecheka, wanamfuata mwalimu. Nikarudia polepole, nao wakapiga mluzi polepole.

Wiki iliyofuata mzazi kaja ofisini, mwanawe akisoma "sasa" nyumbani anapiga mluzi, anataka kujua kama ndiyo mtaala mpya. Mwalimu mkuu akanihamishia hisabati. Kwenye hisabati kuna sita, kuna saba, kuna kumi na sita.

Kilichonisaidia ni kujifungia bafuni kila usiku na kuhesabu kwa sauti kuanzia sitini hadi sabini na tisa. Siku ya kumi hivi ukaanza kupungua. Na usisahau wale watoto nusu yao wenyewe mapengo, umri wa kung'oka ndio huo. Kuna mmoja alinifuata mapumziko akanishauri kwa huruma kabisa nilitupe juu ya bati, litaota lingine.

Kiazi_Mviringo
"Kama ndiyo mtaala mpya" 😂 nimecheka kwenye mwendokasi watu wananiangalia.

Bei_Halali
Mleta mada umelipa ngapi?

Pengo_Jipya
Laki na ishirini, na kung'oa humo humo.

Bei_Halali
Umepigwa. Mimi kuna fundi mtaani kanitengenezea kwa elfu thelathini.

Tabibu_wa_Zamu
Huyo fundi aliangalia hata fizi? Kitu kisichokaa vizuri kinasaga fizi na kuyumbisha meno ya jirani yaliyokamatwa na waya. Unaokoa elfu tisini leo, kesho una mapengo matatu.

Bei_Halali
Nina mwaka wa pili nalo, halijayumbisha kitu.

Tabibu_wa_Zamu
La muda, mwaka wa pili?

Bei_Halali
Muda ni wangu.

Mama_Wawili
Nimesoma kimya kimya ila ngoja niseme. Kuna kitu wanaume hamtakijua. Mwanamke akitoka na pengo la mbele hakuna anayemuuliza umeanguka wapi. Wanauliza ni nani.

Mimi niliteleza na sabuni. Saa tano usiku, bafuni, mdomo ukatua kwenye ukingo wa sinki. Mume wangu ndiye aliyenibeba hadi kwenye bajaji, fulana yake damu tupu, jambo ambalo halikumsaidia. Kufika hospitali nesi akamtoa nje, akafunga mlango, akaniinamia akaniuliza taratibu, "Dada, ni yeye?" Nikamwambia ni sabuni. Akanifuta mdomo, hakubisha. Akasema tu, "Wote huwa wanateleza."

Siku ya nne kaka zangu wawili wakashuka na basi kutoka Moshi bila kunipigia simu. Wamekaa sebuleni, chai imewekwa, haiguswi. Mume wangu hakujua aanzie wapi, akasema twendeni mkaone. Akawapeleka bafuni. Kaka mkubwa akaingia na soksi, hatua ya pili akashikilia bomba asiende chini. Ndipo wakarudi kunywa chai.

Lakini mtaa mzima huwezi kuuingiza bafuni kwako. Nilikaa karibu mwezi bila jino, tunatafuta pesa, naenda gengeni nimejifunika mtandio mdomoni, na mwenye genge ananipa nyanya za nyongeza kwa sauti ya msibani. Siku nilipovaa la bandia nikaenda kununua vitunguu, akanipa vitunguu vyangu, akanidai hamsini ya juzi. Nilirudi nyumbani nikalia. Mluzi? Nilipiga mluzi mwezi mzima na sikujali.

Kimya_Kingi
"Wote huwa wanateleza." Duh. Pole dada.

Nyota_ya_Bara
Dada yangu yeye hakuteleza. Nesi huyo Mungu amweke.

Mmeru_Halisi
Kwangu shida ilikuwa rangi. Sisi tuliokulia na maji ya Arusha na Meru mnatujua, floraidi, meno kahawia. Nikang'olewa Dar, daktari kaleta ile kadi ya rangi, kanichagulia jino jeupe zuri la kwenye tangazo. Nikicheka ni kama nyumba moja ina jenereta na mtaa wote umekatika umeme. Nikarudi nikamwambia mkuu hili si la ukoo wetu. Yule mtaalamu wa maabara akalichora madoa kwa mkono, anatazama la jirani anachora, anatazama anachora. Sasa hata mama hajui ni lipi. Wengine mkichagua rangi ombeni msogee dirishani, taa za mle ndani zinadanganya.

Mtoto_wa_Pwani
Nyie mnalilia mluzi na rangi. Mimi jino langu lilichukuliwa na kunguru.

Kiazi_Mviringo
???

Chaki_Nyeupe
Huwezi kuandika mstari mmoja ukaondoka. Weka kisa.

Mtoto_wa_Pwani
Haya. Tanga, barazani kwa shangazi, asubuhi ya siku tunayopeleka posa. Nina wiki moja nalo, kula nalo bado siwezi, nikalivua nikaliweka kwenye kisahani pembeni ya mihogo ya kukaanga. Nikainamia simu. Kusikia mabawa, kunguru yuko mezani. Mihogo ilikuwepo vipande vitano vya moto moto, akaviruka vyote akabeba jino. Nadhani ni ule waya, ulimetameta.

Akatua juu ya mnazi. Akawa analigeuza geuza, na mimi nimesimama chini natazama jino langu linanicheka kutoka mnazini. Nikarusha kandambili. Kandambili ikabaki juu, kunguru akaondoka nalo upande wa Raskazone.

Saa nne tunatakiwa kwa wakwe. Mshenga akaniangalia mdomo akasema, wewe leo huongei, nitaongea mimi. Nikakaa mkekani saa mbili nzima. Nikiulizwa natikisa kichwa, nikichekeshwa natazama chini, halua nikaiacha iyeyuke yenyewe. Baba mkwe akasema mbele ya wote, kijana huyu ana haya, vijana kama hawa siku hizi hawapo. Posa ikakubaliwa palepale.

Huu mwaka wa nane. Ukweni kwangu hadi leo nikisema maneno kumi mfululizo wanaulizana kama naumwa.

Bei_Halali
Uongo. Kunguru hali plastiki.

Mtoto_wa_Pwani
Nani kasema alikula? Alichukua.

Mzee_wa_Mbagala
Bei_Halali hujakaa na kunguru wa pwani wewe. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja miaka ya 1890 wale taka, wakaona taka hazitoshi. Kwangu wanabeba sabuni ya kuogea.

Bei_Halali
Waliletwa na nani?

Mzee_wa_Mbagala
Waingereza.

Bei_Halali
Kila kitu Waingereza. Na jino nalo kachukua Mwingereza.

Mama_Wawili
Mtoto_wa_Pwani, mkeo anajua?

Mtoto_wa_Pwani
Anasoma humu.

Jamaa_wa_Kisumu
Mimi niko upande wa Kenya, nawasoma tu. Babu yangu Mjaluo aling'olewa sita za chini akiwa kijana, tena kwa kupenda, hiyo ndiyo ilikuwa alama ya ukubwa. Akala samaki na miiba yake hadi uzeeni. Nyinyi moja tu limetoka mmefungua uzi.

Pengo_Jipya
Mzee alikuwa na wenzake wote wamefanana, mimi ofisini niko peke yangu. Wakuu turudi kwenye mada: usiku nilivae au nilivue?

Mmeru_Halisi
Vua.

Kimya_Kingi
Usivue. Mimi nilivua nikaweka kwenye kikombe, asubuhi mtoto akalibeba shule kuwaonyesha wenzake.

Tabibu_wa_Zamu
Vua, fizi zipumzike. Liweke kwenye maji ya kawaida lisikauke, na kikombe kiwe na mfuniko, watoto na kunguru wote wapo. Ambaye hulala nalo ni yule aliyevishwa siku ileile ya kung'olewa, tena usiku wa kwanza tu. Kuosha tumia sabuni ya maji na mswaki laini, dawa ya meno inalikwaruza na uchafu unapata pa kujificha. Na uoshe juu ya beseni lenye maji, likikuponyoka lisipasuke.

Kiazi_Mviringo
Na kuchemsha je? Mimi nililichemsha kama chuchu ya mtoto.

Tabibu_wa_Zamu
Likawaje?

Kiazi_Mviringo
Chipsi kavu.

Bei_Halali
Langu lilikatika kati nikabandika na supagluu, linadunda.

Tabibu_wa_Zamu
Gluu hiyo si ya mdomoni, na ukikosea milimita moja halikai tena. Usifanye.

Bei_Halali
Imeshafanyika mkuu.

Chaki_Nyeupe
Mleta mada, kuna mahali panakuchoma? Mimi palitokea kidonda nyuma ya jino, nikataka kulisugua mwenyewe na msasa wa kucha. Bahati nikarudi kwa daktari. Akaniambia siku ya kwenda nilivae masaa kadhaa kabla, alama ya kidonda ionekane, maana nilikuwa nimelivua siku mbili fizi imepona na yeye haoni pa kusaga. Dakika tano likaisha.

Pengo_Jipya
Ndiyo, palepale nyuma. Kesho narudi. Vipi na kula?

Mzee_wa_Mbagala
Hindi la kuchoma unalipukuchua punje. Muwa sahau. Embe unakata vipande kama mgeni.

Nyota_ya_Bara
Mimi muwa natafuna kwa magego vizuri tu, msimtishe mtu.

Mmeru_Halisi
Na likianza kulegea usishangae. Fizi inanywea, kidude kinabaki kilekile. Langu mwezi wa tatu nilipiga chafya kanisani nikalidaka kwa mkono. Liliongezewa plastiki kwa ndani likakaza tena.

Kimya_Kingi
Ulilidaka! Kumbe golikipa.

Tabibu_wa_Zamu
Niongeze moja halafu nirudi kazini. Jino la mtu mzima likitoka zima na mzizi wake, mnaliacha barabarani kwa nini? Lishike upande ule mweupe wa kutafunia, usiguse mzizi, lina uchafu lisuuze kidogo, lirudishe kwenye tundu au liweke kwenye maziwa, kimbia. Ndani ya saa moja kuna nafasi ya kulirudisha. La utoto ndilo halirudishwi.

Chaki_Nyeupe
Tabibu, mimi wakati huo natafuta kiatu.

Pengo_Jipya
Wakuu mrejesho. Siku ya kumi na tatu. Nilisagiwa pale nyuma, maumivu yamekwisha. Kila usiku nahesabu sitini hadi sabini na tisa, jirani alinigongea ukutani akidhani nahesabu pesa. Mate yamepungua, chai naanza kuisikia.

Leo asubuhi simu ya kwanza nimesema "samahani, asante kwa kusubiri" na imetoka safi, bila mluzi hata kidogo. Nikakaa naisubiri pongezi kama mjinga. Mteja alishakata simu.

Kiazi_Mviringo
Hongera mkuu. Stendi wamekukosa.

Mama_Wawili
Mtoto_wa_Pwani, mkeo alisemaje alipoisoma?

Mtoto_wa_Pwani
Amecheka. Halafu akamtumia baba yake.

Bei_Halali
Kunguru hali plastiki. Nimemaliza.